Kung'oa injekta na kufunga kabureta: uzoefu wangu na seti ya Weber 32/36

Kama kontroboksi yako (kompyuta inayoendesha injini) ni nzima na waya hazijachezewa, acha injekta zako (vinyunyizio vya petroli) zilipo. Gari langu ni la kuunda: bodi kuukuu, injini ya silinda 4 ya lita 2 iliyokuja bila kontroboksi, na waya zimekatwa hovyo kama nywele za kichaa. Kwangu kabureta, inayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, ilikuwa njia fupi.

Seti niliyonunua ina Weber 32/36 DGEV, menifoldi (mabomba ya kupeleka mchanganyiko kwenye silinda), gasketi na vishikio vya kebo ya ekseleta. Kabureta yenyewe sina neno nayo. Ukikanyaga kidogo linafunguka tundu la mm 32 tu, ukizidi kukandamiza ndipo la mm 36 linafuata. Kwenye foleni gari linatulia, na ukitaka kulipita lori unasikia kabisa tundu la pili limeitika. Choki ni ya umeme, inataka waya mmoja wa volti 12 unaopata moto ukiwasha swichi. Usiuchukue kwenye koili ya cheche, utainyima koili umeme wake.

Menifoldi ndiyo iliyonikera. Uso wake haukuwa bapa, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikawa juu na haishuki. Nilipopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ukingo wa gasketi injini ikabadili mlio papo hapo: inavuta hewa. Ikabidi ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa, kwa kitu kipya kutoka kwenye boksi! Na wale wanaouliza kwa nini usitumie menifoldi ileile ya injekta: ile imetengenezwa kupitisha hewa kavu, petroli inanyunyiziwa mwishoni karibu na valvu. Ukiipitishia mchanganyiko tangu juu, petroli inanata kwenye kuta za mabomba yake marefu, silinda moja inapata nyingi na jirani yake inakosa.

Halafu mafuta, ambako seti haikusaidii chochote. Pampu ya injekta inasukuma presha ya psi 40 na zaidi. Weber hii inataka 3 hadi 3.5. Ukiiunganisha hivyohivyo, sindano ya boya, inayozuia petroli kabureta ikijaa, haiwezi kufunga na petroli inafurika juu ya injini yenye moto. Kuna wanaobana presha kwa regyuleta, lakini regyuleta nyingi za bei rahisi zinashindwa na wingi wa mafuta ya pampu ile. Mimi niliitoa, nikafunga pampu ya presha ndogo. Jambo ambalo mafundi wengi wanalipita: kontroboksi ndiyo iliyokuwa inaikata pampu injini ikizimika. Ukishaitoa, gari likipinduka swichi ikiwa imewashwa, pampu inaendelea kumwaga. Funga swichi ya presha ya oili au ile ya kukata kwa mshtuko kabla hata ya kuwasha mara ya kwanza.

Taiming, yaani wakati wa kupiga cheche, nayo ilikuwa kazi ya kontroboksi. Bahati injini yangu ina ndugu yake wa zamani wa kabureta, distribyuta yake (kigawa cheche kwa plagi) yenye vyuma vya kutanuka kwa mzunguko na kikombe cha vakyumu ikaingia bila ubishi. Kama injini yako inategemea sensa ya krenki na koili juu ya kila plagi, bajeti kifaa cha kuendesha moto peke yake, maana bila hicho hata cheche hupati.

Kwenye kurekebisha, skrubu ya mchanganyiko nilianza nayo mizunguko 2 kutoka kwenye kufunga kabisa. Ikiwa injini inatulia tu ukiifungua mbali zaidi ya hapo, jeti ya silensa (kitundu cha kupitisha petroli) ni ndogo. Ikitulia karibu na kufunga, jeti ni kubwa. Baada ya kubadili jeti, plagi zilizokuwa na masizi zikatoka rangi ya kahawia hafifu. Ulaji wa mafuta umepanda, na milimani injini inakuwa nzito kwa sababu hewa imepungua ila jeti inamimina kilekile. Mahali ambapo gari hupimwa moshi kwa mashine, ulizia kwanza kama utaruhusiwa kutoa injekta na sensa ya oksijeni.

Ningenunua tena kabureta. Menifoldi ningeitafuta kwenye injini kuukuu ya aina ileile, iliyotoka nayo kiwandani.