TAHADHARI: spea za mtumba za pikipiki za theluji, nimepigwa dola 220

Ndugu zangu mlioko Minnesota, Wisconsin na nyie wa Canada mnaoendesha hizi pikipiki za theluji, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Mwezi wa 12 Ski-Doo yangu ya 2006, ile 600 ya tu-stroku, ilinizimikia katikati ya ziwa lililoganda barafu tukitoka kuvua, kumbe jeti ya kabureta imeziba, petroli haifiki vizuri, pistoni ya upande mmoja ikayeyuka na silinda ikakwanguka. Silinda mpya kwa pikipiki ya umri ule hailipi, basi nikaingia mtandaoni kutafuta ya mtumba.

Nikapata jamaa, picha nzuri, silinda iko juu ya taulo jekundu inang'aa, anasema imetembea maili 2,000 tu. Namwomba video, yupo kazini. Nataka kulipa kwa PayPal ile ya kawaida yenye ulinzi wa mnunuzi, hataki, anataka Zelle, ile ya kutuma hela moja kwa moja toka benki kwenda benki, eti anakwepa makato. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka ila msimu ulikuwa unakatika, nikatuma.

Boksi lilifika baada ya siku 9. Nje imepulizwa rangi nyeusi mpya, ndani imeoshwa mpaka inanuka kemikali, lakini kupitisha tu ukucha ukakwama, kuna mchubuko mrefu toka juu mpaka kwenye tundu la ekzosi na aluminiamu ya pistoni imegandia pembeni. Na jamani hizi siyo kama za bodaboda kwamba fundi atachonga, aweke pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo), mmemaliza. Ndani zimepakwa Nikasil, utando mwembamba mgumu wenye nikeli, ukichubuka hivyo inabidi ipelekwe kwa wataalamu ipakwe upya na gharama yake si ya kitoto. Nikamwandikia, kanibloku. Benki wakasema hela nimetuma mwenyewe, hairudi.

Ukitaka silinda mwambie muuzaji akurekodie video akipitisha ukucha ndani, pembeni kaweka karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mwenye mali safi haoni taabu, ni dakika 1. Akiwa anafikika, hata masaa 3 barabarani, nenda kaishike kwa mkono wako ndo utoe hela.

Naandika leo kwa sababu asubuhi nimeliona tangazo limerudi, jina jingine, mji mwingine, taulo jekundu lile lile.