Wadhamini: kwenye wasifu, au "watapatikana wakihitajika"?

Ukienda steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, kuchapa wasifu wako (CV), kijana wa kompyuta atakuwekea mwishoni wadhamini watatu, yaani watu wanaoweza kukueleza kwa mwajiri, bila hata kukuuliza. Ni mazoea, na kwa kazi za serikali yuko sahihi: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na anwani na simu. Hapo ukiandika "watapatikana wakihitajika", umejikata mwenyewe.

Kwa mwajiri binafsi mambo hubadilika. Unapozungusha bahasha za kaki kuanzia Kabwe hadi Uyole, namba ya mwalimu wako inabaki kwenye meza za watu usiowajua, na wengine hawatakuita kamwe. Hapo napendelea kuwaficha. Nafasi unayookoa, eleza ulichofanya: "nilipokea na kupima chai ghalani, Mufindi, miezi minane" inasema zaidi ya "mchapakazi, anajituma". Tena kama bosi wako wa sasa hajui unatafuta kwingine, kumtaja ni kujichongea.

Ila kuficha kuna gharama. Wakikupigia ghafla wakitaka majina jioni hiyo hiyo, uwe nayo tayari kwenye karatasi ya pembeni: cheo, ofisi, simu inayopatikana, na mnavyofahamiana. Mjomba usimweke, hata kama ni diwani.

Kwa njia yoyote, mpigie mdhamini kwanza. "Shikamoo mwalimu, naomba nikutaje kwenye maombi ya kazi ya uhasibu Iringa." Asipoambiwa, atajibu simu akijiuliza wewe ni nani.