Punda na hereni: uzoefu wangu na raketi ya laki moja na ishirini

Niseme mapema: na raketi yenyewe, ya mpira wa vinyoya, sina ugomvi. Au ninao kidogo, nitaufikia. Ugomvi wangu ni na fundi mmoja wa nyuzi hapa mjini Dar, aliyeishika raketi yangu kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya mtegoni, akaitazama juu chini, halafu akaniuliza mbele ya wateja wenzangu, "Dada, hii ya watoto?"

Ya watoto! Mtoto gani anapewa raketi ya 120,000 huku ada haijaisha?

Nirudi nyuma. Kipindi fulani cha mvua, au zilikuwa zimekaribia, sikumbuki vizuri, raketi yangu ya zamani ilipasuka. Mimi na mwenzangu wa upande mmoja tulikifuata kinyoya katikati ya uwanja, kila mtu akidhani ni chake, raketi zikagongana. Yake ikapona. Yangu ikalia kama kijiti kikavu. Ile nilikuwa nimezawadiwa, ya bei mbaya, na sitaona aibu kusema nilitoa machozi bafuni. Kwa hiyo asije mtu akanidanganya kwamba ya ghali haivunjiki. Ikigongwa ubavuni, yoyote inakwenda.

Nikaulizia nyingine kama ile. Zaidi ya laki sita. Mimi nacheza mpira wa vinyoya Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, kwenye ukumbi wa shule wenye feni moja nzima, na hiyo moja tunaizima kwa sababu inapeperusha vinyoya. Laki sita ya kufanyia nini pale?

Wenzangu ukumbini walikuwa na maoni, kama kawaida yao. Wapo wanaoamini ukishika raketi ya Viktor Axelsen utapiga kama Axelsen. Yule bwana wa Denmark ana dhahabu mbili za Olimpiki, Tokyo na Paris, na raketi aliyokuwa akiitumia, Astrox 100 ZZ, fimbo yake ni ngumu kama nondo. Fimbo ngumu inamfaa mwenye mkono wa kasi. Mkono ukiwa wa polepole fimbo haipindi, isipopinda haikurudishii kitu, na nguvu yote inatoka begani kwako. Bega langu lina miaka 43 na limebeba watoto watatu. Lina haki ya kupumzishwa.

Kariakoo nilisimama dukani karibu saa nzima, mpaka kijana muuzaji akaniletea kigoda. Kwanza niliziweka pembeni zote zenye kile kiungo cha umbo la T kinachoonekana kwa nje, pale fimbo inapoingia kwenye kichwa. Hizo nyingi kichwa chake ni chuma au alumini, za kuchezea uani siku ya sikukuu. Zilizobaki nikawa nazipinda fimbo taratibu, moja moja, nikitafuta inayokubali kidogo bila kulegea. Kisha nikazilaza kwenye kidole kuona ipi inalemea kichwani. Kijana akanitazama weee, akasema, "Mama, unapima kama unanunua dhahabu." Nilimpenda saa ileile. Hakunicheka. Alileta na nyingine tatu kutoka stoo bila kuombwa.

Jina la raketi niliyochukua sitalitaja. Nikilisifu mtasema nimelipwa, na isitoshe herufi mbili zimeshabanduka.

Wiki mbili za kwanza niliichukia. Nyuzi zilizokuja nayo kutoka kiwandani zilikuwa laini kama chandarua. Unapiga, kinyoya kinazama kwanza ndipo kinatoka: pwa. Kama unampiga mtu kwa mto. Nikirusha mpaka nyuma, kinaishia katikati, na aliye mbele yangu anakula sikukuu. Kichwani nilikuwa nimeshaandika tathmini nzima, na neno la mwanzo lilikuwa "wezi".

Pale ukumbini tuna mzee mmoja anayefunga nyuzi nyumbani kwake, mashine yake ni ile ya kuvutia kwa jiwe la uzito, iko sebuleni chini ya kalenda. Akaichukua raketi, akabonyeza nyuzi kwa dole gumba, akasema, "Mwanangu, wewe bado hujanunua raketi. Umenunua fremu." Akaninyofolea zile za kiwandani zote, akaweka uzi wa aina ya BG65, akaukaza kwa paundi 24, akanitoza 25,000 na chai nikanywa.

Jamani. Alhamisi ile pigo la kwanza tu lilitoa paa! mpaka watoto waliokuwa wamekaa kwenye ngazi wakageuka. Raketi ileile, mkono uleule. Kuna watu wanabadilisha raketi kila mwaka wakitafuta mlio ule, kumbe wanabeba chandarua.

Nikabadilishana na rafiki yangu mwenye Astrox 99, moja ya zile za ghali, michezo mitatu. Yeye ni kijana, anaruka. Alipopiga smashi na ya kwangu, makali yalipungua, sitaficha hilo. Lakini mimi na ya kwake nilikuwa nachelewa kila mahali. Kichwa kizito, nikikinyanyua kinyoya kimeshapita. Na ya kwangu, pale mbele kwenye wavu ambapo mnarushiana harakaharaka, nilikuwa nafika kabla sijafikiri. Mtu akiniuliza kama ya laki moja na ishirini inashindana na za ghali, kwa mkono wangu inazishinda. Kwa mkono wa yule kijana, hapana.

Ningeishia hapo mngepata tathmini ya mtu mwenye furaha. Uzi ukakatika.

Uzi kukatika si ajabu, ndiyo kazi yake. Shida ni kwamba mzee alikuwa amekwenda Tanga msibani, na Jumamosi tulikuwa na mashindano yetu ya ukumbi, yale ya kushindania kreti ya soda lakini watu wanagombana kama wanapigania shamba. Ndipo nikaenda kwa huyo fundi wa mjini. Duka zuri, kiyoyozi, mashine ya umeme yenye kioo cha namba. Raketi zimetundikwa ukutani kama bunduki.

Baada ya lile la watoto nikamwambia ni yangu, naomba BG65, paundi 24. Akaigeuza tena. "Hii haina hata jina, dada. Nyuzi na ufundi ni elfu arobaini. Kuweka nyuzi za elfu arobaini kwenye kitu hiki ni kumvisha punda hereni."

Wakacheka. Alikuwepo mkaka mmoja na mfuko wa raketi sita mgongoni, yeye alicheka mpaka akashika kaunta.

Nikamwambia, "Kaka, wewe mvishe tu. Punda ni wangu."

Hilo jibu najivunia, lakini lilikuwa dogo. Jibu kubwa lilinijia nikiwa kwenye foleni ya Jangwani, lilipokuwa halina kazi tena. Ningemwambia hao Yonex, kampuni ya raketi anazozitundika ukutani, walianza mwaka 1946 kwa kutengeneza maboya ya mbao ya nyavu za samaki. Maboya! Plastiki ilipoyaua, mwaka 1957 bwana Yoneyama, mwanzilishi wao, akaingia kwenye raketi, na mwanzoni zilikuwa zinatoka kwa majina ya watu wengine, si lake. Raketi isiyo na jina, kaka, ndiyo babu wa hizo unazozifuta vumbi. Basi nililisema lote peke yangu ndani ya gari, dirisha wazi, na dereva wa bajaji akanitazama kwa huruma.

Kesho yake nikaenda kuichukua. Kichwa kilikuwa kimepinda. Upande wa juu kulia umefinyika kama embe lililokaliwa kwenye basi. Hata mtu asiyejua mchezo angeona.

"Si nilikwambia?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakusema pole. Hata habari za asubuhi hakunipa.

Nikapandisha sauti. Nikasema mengi, mengine sitayarudia hapa maana mama mkwe anasoma. Akanisubiri nimalize, halafu akauliza taratibu, "Uzi ulikatika lini?"

"Kama wiki na nusu hivi."

"Na nyingine hukuzikata?"

Nikanyamaza. Nilikuwa sijui. Kumbe uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinaendelea kuvuta, na upande ule uliokatika hakuna wa kushikilia, kwa hiyo fremu inavutwa kombo siku nzima, usiku kucha. Unatakiwa uchukue mkasi palepale uzikate zote, ukianzia katikati kwenda nje. Yangu ilikuwa imekaa siku zote hizo na nyuzi zake nusu nusu, tena kwenye buti la gari, jua la Dar mnalijua. Yule fundi alikuwa na hoja. Na alijua anayo, maana alitabasamu. Nikalipa elfu arobaini. Nimelipa! Mpaka leo nikikumbuka mkono wangu ukihesabu zile noti nataka kuukata.

Jumamosi nilicheza kwa kuazima. Kreti ya soda ilikwenda kwa wengine.

Mzee aliporudi nikampelekea ile maiti. Akailaza juu ya meza ya kioo, kidole kikapita chini ya kichwa upande mmoja. Akabonyeza nyuzi. Akazidonoa kwa kucha karibu na sikio: ting. "Hii si 24, mwanangu." Kwa sikio lake ilikuwa 28, pengine zaidi, na nyuzi hulegea zenyewe zikikaa, kwa hiyo siku zilipofungwa zilikuwa zaidi ya hapo. Akavaa miwani, akanionyesha maandishi madogo pale juu ya mpini ambayo sikuwahi kuyasoma. Mwisho 26. Fundi wa mashine ya kioo cha namba hakusoma, au alisoma akaona punda atavumilia.

Nilitaka kurudi mjini usiku uleule. Mzee akanikalisha. "Na wewe umechangia," akasema. "Nusu kwa nusu." Nusu kwa nusu hapana. Sitini kwa arobaini, na sitini ni zake. Mimi niliisahau tu kwenye buti. Yeye nilimtamkia namba mdomoni.

Nikanunua nyingine ileile kwa yule kijana wa Kariakoo. Imepanda, sasa 135,000, na safari hii kigoda kilikuwa kimeshawekwa. Mzee akaifunga nyuzi, 24, elfu ishirini na tano ileile.

Sasa hebu tupige hesabu ambayo nimekuwa naikwepa. Raketi mbili, nyuzi mara tatu: 345,000. Ni zaidi ya nusu ya ile ya laki sita. Je, bado ni raketi ya bei nafuu? Siku nyingine nikiamka vibaya nasema hapana, rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea. Halafu nakumbuka ya laki sita nayo ingetaka nyuzi, na mimi yuleyule ningeiacha kwenye buti lilelile, na kilio chake kisingekuwa cha bafuni. Kwa hiyo inunueni. Lakini pesa ya nyuzi nzuri muwe nayo pembeni kabisa kabla hamjatoka nyumbani, na mjue nani atawafungia. Kama huna mzee wako, sijui nikushauri nini. Labda mkasi. Wangu sasa unakaa mfuko wa pembeni wa raketi, na binti yangu ananinunia kwa sababu ulikuwa wa shule.

Vinyoya vya manyoya halisi, bahati mbaya, tunavipata dukani kwa yule fundi tu, kopo la kumi na mbili. Zamu yangu ya kununua ikifika namtuma kijana wangu mkubwa, mimi nabaki kwenye gari. Juzi alirudi na kopo kwapani, anacheka.

"Mama, yule kaka anauliza, punda hajambo?"

Zamu ijayo nakwenda mwenyewe, na raketi nitakuwa nayo mkononi.