Uzoefu wangu na wakili wa kesi za ajali na jinai, Malindi

Mdogo wangu, mwendeshaji bodaboda, aligongana na matatu karibu na Gede, katika barabara ya kutoka Malindi kwenda Kilifi. Alivunjika mguu, na kabla hajafunguliwa plasta akashtakiwa yeye kwa kuendesha bila uangalifu. Tulimchukua wakili wa hapa mjini, mwanamama anayeshika kesi za jinai pamoja na za fidia, na kwa kuwa kesi zote mbili zimekwisha, naeleza huduma tuliyoipata.

Faida ya kuwa na wakili mmoja kwa kesi zote mbili niliiona mapema. Jamaa wengi, wazee wa nyumbani wakiwemo, walimshauri mdogo wangu akiri kosa, alipe faini, arudi kazini. Wakili alikataa katakata. Alitufafanulia kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo huwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa, na kampuni ya bima ya matatu ingeitumia hukumu hiyo hiyo kudhoofisha dai la fidia. Wakili wa jinai peke yake, nadhani, angeridhika na faini ndogo.

Siku ya ushahidi hakupaza sauti wala kumdhalilisha afisa wa upelelezi. Alimpa mchoro wa ajali ambao afisa huyo aliuchora mwenyewe, akamwomba aweke kidole mahali vyombo vilipogongana, kisha amweleze hakimu upande ule wa barabara ulikuwa wa nani. Afisa aliuinamia mchoro kwa muda, akajibu kuwa ulikuwa wa pikipiki. Wakili akaketi, hakuuliza la zaidi. Mdogo wangu aliachiliwa huru.

Kesi ya fidia ilichosha kwa kuahirishwa. Sheria humpa majeruhi miaka 3 ya kufungua kesi ya namna hii, na kampuni ya bima hupewa notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya hapo. Hayo aliyashughulikia bila kukumbushwa. Alitudai risiti za kila kitu, hata za magongo na nauli za kliniki, kwa sababu gharama za aina hiyo hazilipwi kwa makisio. Mahakama ilimbebesha mdogo wangu sehemu ndogo ya lawama kwa mwendo wake, fidia ikapunguzwa kwa kiwango hicho, nami sioni kama alionewa.

Ada tuliandikiana tangu mwanzo. Madalali waliotuzonga hospitalini walikuwa wametuahidi wakili asiyelipwa mpaka kesi ishinde, mapatano ambayo Sheria ya Mawakili haiyatambui.

Lawama yangu ni mawasiliano. Simu hupokewa na karani, na karani huyo alikuwa mzito wa kutoa habari. Mara nyingine tuliletewa kiungo cha kikao cha mtandaoni wakati hakimu amekwisha kuketi. Wakili mwenyewe ukimpata hukueleza kwa utulivu, ila kumpata ni kazi.

Kwa ajali yenye mashtaka ya polisi ningemchukua tena. Kwa dai dogo lisilofika shilingi milioni 1 ningeulizia kwanza Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu huruhusiwa kujisimamia mwenyewe.