Hita ya gesi Bwiru: hela yangu nyingi ilikwenda kwenye bomba la moshi

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vichache Bwiru, Mwanza, upande unaoshukia ziwani. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na sangara wanaofuata mzigo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. (Wa Sengerema wamepungua tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, siku hizi wanavuka jioni na kulala kwao.) Watu hawa huamka saa kumi alfajiri, wote kwa mpigo, na wote wanataka maji ya moto. Shawa za umeme zilikuwa zinakula LUKU hatari, na umeme ukikatika saa hiyo ndipo unapoitwa majina yote. Nikaamua kununua hita ya gesi yenye tangi la maji, ile ya kawaida yenye kamwali kadogo kanakowaka muda wote, isiyohitaji umeme hata kidogo. Kuhusu hita yenyewe sina mengi: inapasha, maji yanatosha, basi. Ninayetaka kumzungumzia ni fundi aliyenipandishia bomba la moshi hadi juu ya bati.

Kabla yake walipita wengine. Mmoja alitaka kutoboa ukuta na kutoa kibomba kifupi chini ya upenu, mita moja tu kutoka dirisha la chumba namba tatu. Mwingine akasema gesi haina moshi, nisipoteze hela, niache dirisha wazi. Kweli moshi wa gesi huuoni, na hatari ndiyo hiyo. Gesi ya mtungi ikiungua vizuri inatoa mvuke na hewa ya ukaa. Ikiungua huku hewa haitoshi inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoijua huongezwa kwenye gesi ili ikivuja tujue. Ikishaungua huipati tena. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Sasa niambie, hapa Mwanza mgeni akiamka na hayo matatu utamwambia nini? Nenda kapime malaria. Atanunua dawa mseto na kurudi kulala chumba kilekile.

Fundi niliyemchukua alikuja mara ya kwanza na futi na tochi tu. Akaingia darini, akakaa huko mpaka nikadhani kalala, akatoka na vumbi kichwani na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Makadirio yake yalinishtua, maana bomba peke yake lilikaribia bei ya hita. Nikaanza kuvutana naye kama kawaida yetu.

“Mama, kwenye ufundi nitakupunguzia,” akasema. “Kwenye bomba siwezi. Nikikuwekea la bei ndogo, mbao zako ndizo zitalipa.”

Alichotaka ni bomba la kuta mbili: ndani alumini, nje bati la zinki, katikati hewa. Kenchi zangu ni za mbao za paini na dari ni jipsamu. Bomba la ukuta mmoja linatakiwa likae kama sentimita 15 mbali na mbao, na kupita darini haliruhusiwi kabisa. La kuta mbili linatosheka na sentimita 2.5. Halafu linahifadhi joto, na joto ndilo linaloupandisha moshi. Bomba likipoa njiani, mvuke unageuka maji, maji yanarudi chini kwenye hita, na moshi unapoteza nguvu ya kupanda. Mabomba haya hayakupatikana mjini, yakaagizwa kutoka Dar es Salaam, na hapo nilisubiri mpaka nikachoka. Yalipofika alinionyesha mshale uliochapwa ubavuni mwa kila kipande. Lazima uelekee juu. Kijana wake alikuwa ameshaunganisha kimoja kichwa chini. Kikafunguliwa.

Tulipobishana sana ni kuhusu mahali pa kutokea. Mimi nilitaka nyuma, karibu na mnara wa simtanki, lisionekane barabarani. Akakataa. Simtanki langu liko juu kuliko paa, na upepo ukiligonga unageuka na kushuka, unausukuma moshi urudi ulikotoka. Mdomo wa bomba unatakiwa ukae angalau mita 2.4 kutoka kwenye kitu kirefu cha namna hiyo, la sivyo ukipite kwa urefu. Akalisogeza karibu na kofia ya bati, pale kileleni mwa paa. Kipande kimoja kikaongezeka, na kinaonekana barabarani vizuri tu. Huku kwetu asubuhi ziwa limetulia, lakini mchana upepo wa ziwani unapanda mlima kwa nguvu zake zote, kwa hiyo nikanyamaza.

Kukaa karibu na kofia kuna faida nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria: maji ya mvua yanayolifikia bomba kutoka juu ni machache. Alikanyaga kwenye mstari wa misumari tu, pale penye papi chini yake, bati lisibonyee. Tundu akalikata kwa mkasi wa bati, kubwa kidogo kuliko bomba. Kisha akavisha kola ya mpira yenye ukingo wa alumini laini, akaugongagonga ule ukingo kwa mpini wa nyundo ufuate kila mgongo na kila bonde la bati, silikoni chini yake, skrubu zenye washa za mpira kuzunguka. Mvua za vuli zimepita zote, na dari haina hata doa.

Juu aliweka kofia ya kuzuia mvua na ndege. Kijana akapendekeza waongeze wavu mdogomdogo kuzuia wadudu, akakemewa papo hapo. Wadudu wa ziwani wakipaa hufika wingu zima; wangejaa kwenye wavu, wafie hapo, na bomba lizibe. Kofia ya kiwandani ina nafasi yake tayari.

Kwenye kichumba cha hita alitoboa matundu mawili ya hewa, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, akanikataza kuyaziba hata baridi ya Juni ikija. Mtungi uko nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, kwa hiyo bomba la moshi haliwezi kukusaidia kwa hilo. Pia alibadilisha jeti ya jiko la hita, yaani kile kitundu kinachotoa gesi, maana Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hita nyingi huhitaji kurekebishwa zikivuka mita 600. Mwali ulikuwa na ncha za njano. Ukawa wa bluu mtupu.

Jaribio la kuona kama moshi unapanda alikataa kulifanya asubuhi. Alirudi alasiri, upepo ukivuma. Akafunga milango na madirisha yote, akawasha feni zote za kutolea hewa, za bafuni na ya jikoni, hita ikaachwa iwake dakika kadhaa. Kisha akaniomba udi. Akaushika pale juu ya hita, kwenye uwazi ambapo moshi unaingia bombani. Ule moshi mweupe ulipinda na kunyonywa ndani wote. Ungesukumwa nje, akasema, angezima gesi na kuanza upya. Nilinunua na king'ora cha kaboni monoksaidi, kiko kwenye korido ya vyumba. Alinielekeza kubonyeza kitufe cha kukijaribu kila mwezi.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni kusubiri mabomba, nimeshalisema. La pili ni chembechembe za chuma zilizobaki juu ya bati baada ya kutoboa. Hawakuzifagia. Mvua ya kwanza ikazitia kutu, na bati langu jipya la bluu likawa na madoa ya kahawia kuanzia kwenye bomba hadi kwenye mfereji. Nilimpigia. Alimtuma kijana na brashi na kopo la rangi, akasugua na kupaka, sikudaiwa kitu, ingawa rangi haifanani sawasawa na ya zamani. Mwakani naongeza vyumba viwili na hita ya pili, na nitamwita yeye yule, ila safari hii kufagia bati kutaandikwa kwenye makubaliano kabla sijatoa malipo ya kwanza.