Nosferatu ya Robert Eggers: Ellen alisema, hakusikilizwa

Nosferatu, iliyoanza kuoneshwa Desemba 2024, inasimulia kisa cha mnyonya damu kinachojulikana na wapenzi wengi wa filamu za kutisha. Chimbuko lake ni Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ambayo F. W. Murnau aliigeuza kuwa filamu bubu mwaka 1922 bila idhini ya wenye haki; mjane wa Stoker alifungua kesi, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe, na chache zilizonusurika ndizo zilizokifikisha kisa hiki katika zama zetu.

Alichokifanya Eggers, mwongozaji wa filamu hii, na ninachokithamini kuliko vyote, ni kumweka Ellen katikati ya masimulizi. Mumewe, Thomas, ni karani wa dalali wa nyumba anayetumwa hadi milima ya Transylvania kukamilisha mauzo kwa Orlok, bwana wa kasri ambaye ndiye mnyonya damu mwenyewe. Huko anapewa mfuko wa dhahabu na hati iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa, naye anatia saini. Yeyote aliyewahi kuharakishwa kusaini karatasi za kiwanja hapa Dar es Salaam atatamani kumshika mkono, kwa sababu hati ile, kama inavyobainika baadaye, ilikuwa ya kumtoa mkewe kwa Orlok.

Watu wa pwani tunazijua simulizi za popobawa, hasa zile zilizoitikisa Zanzibar mwaka 1995, ambamo aliyeingiliwa usiku alitakiwa kuwaeleza wenzake ili asirudiwe, na majirani walikesha pamoja nje ya nyumba zao. Ellen naye anaeleza tena na tena kile kinachomjia usiku, lakini hakuna anayekesha naye. Daktari anaamuru avalishwe koseti, vazi la kubana kiuno, hata kitandani, anamlaza kwa dawa na kumfunga kamba, huku mwenye nyumba aliyempokea akimwona kuwa ni mzigo. Lily-Rose Depp, anayemwigiza Ellen, anaibeba hali hiyo kwa mwili mzima, na anapotokea profesa wa Willem Dafoe, mtu wa kwanza kumsadiki, mtazamaji naye anapumua.

Bill Skarsgård, aliyefichwa ndani ya Orlok mwenye masharubu mazito na ngozi inayooza, anatisha zaidi kwa sauti, kwani kila neno linatoka polepole, kwa pumzi nzito. Picha za Jarin Blaschke, mpiga picha wa filamu hii, ni za kiwango cha juu mno. Katika njia panda ya msituni, usiku wa theluji, gari la farasi linamjia Thomas na mlango unafunguka wenyewe, bila mkono wowote kuonekana. Tukio hilo peke yake linatosha kulipia tiketi.

Kasoro ipo. Baada ya Orlok kuwasili mjini na panya wake wa tauni, vifafa vya Ellen vinarudiwa kupita kiasi na nguvu yake inapungua, na baadhi ya mabishano ya wanaume yangeweza kufupishwa.

Filamu ina giza jingi, hivyo kuitazama kwenye simu ndani ya daladala, au sebuleni mchana madirisha yakiwa wazi, ni kuipoteza. Subirini usiku, shusheni mapazia. Watoto wasiwepo kabisa, kwa kuwa kuna uchi, damu nyingi na mauaji ya watoto wadogo yanayooneshwa waziwazi.