Siku nne Lushoto na watoto watatu na bibi yao: ulizeni ngazi kabla ya kulipia

Tumerudi Tanga juzi na masweta bado yako kwenye kamba. Naandika nikiwa bado nakumbuka, maana kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyepeleka watoto wadogo kule nisipate. Wengi wanasifia mandhari. Ni kweli, mandhari ya Lushoto hayana mfano. Lakini mwenye mtoto wa miaka miwili ana maswali mengine.

Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto watatu. Kifungua mimba ana miaka 10, wa kati 6, kitinda mimba 2. Ilikuwa likizo ya Juni, tukalala usiku tatu. Kituo chenyewe sikitaji jina, kwa kuwa ninalo la kulalamikia na nimeshaongea na wenyewe. Ni kituo cha mapumziko kilichojengwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji: ukumbi wa chakula uko chini, bustani katikati, vijumba vya mawe vimetawanyika kilimani, na juu kabisa unaanza msitu.

Njia kwanza. Mpaka Mombo watoto walilala. Ukiacha barabara kuu pale Mombo, zile kilomita 33 za kupanda ni kona juu ya kona, mlima huku na korongo kule. Lami ipo ila barabara ni nyembamba, na mabasi yanashuka yakipiga honi kila kwenye kona. Wa kati alitapika kabla hatujafika Soni. Asubuhi ya safari msimpe mtoto maziwa wala chipsi. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinamtosha. Na Soni simameni, hata kwa dakika kumi, watoto wapate hewa na wayaone maporomoko. Mama mkwe alinunua fungu la karoti zikiwa na majani yake, akaziosha kwa maji ya chupa, na yule aliyetapika akatafuna mbili hapo hapo, uso ukamchangamka.

Tulipokelewa vizuri, kwa chai ya mchaichai ya moto. Shida ilianza tulipoonyeshwa nyumba. Nilipopiga simu kuweka nafasi nilisema waziwazi: tuna mzee wa magoti na mtoto mdogo, tunaomba nyumba ya chini. Nikakubaliwa. Kufika, ya chini wamepewa wageni wengine, sisi tukapelekwa ya juu kuliko zote. Kifungua mimba alizihesabu ngazi: 84. Ni za mawe, hazilingani urefu, na hakuna hata kamba ya kushikia. Mama mkwe alipanda mkono ukiwa begani kwa mwanawe, akasimama mara nne, na hakusema neno. Ule ukimya wake uliniuma kuliko angelalamika. Usiku ule tulimpelekea chakula kitandani, kikafika kimepoa, kwa sababu kushuka na kupanda tena asingeweza.

Halafu baraza. Mbele ya nyumba kuna baraza zuri linalotazama bonde, na chini yake ardhi imekatika kiasi cha kimo cha mtu mzima. Ukingo ni fito mbili tu za mbao. Mtoto wa miaka miwili anapita katikati yake bila hata kuinama. Nilimkuta kitinda mimba ameshatoa kichwa nje. Tulichukua kanga mbili za bibi yake, tukazifunga kwenye nguzo kwa kukaza sana, tukaburuta na benchi likae mbele yake. Jambo hili si la kungoja mtoto aanguke. Fundi na mbao chache wangelimaliza kwa siku moja, na meneja nilimwambia hivyo hivyo.

Asubuhi yake nilikwenda kwake na kumweleza yote. Naye namshukuru, hakubishana. Alitupa pole, akaja mwenyewe kumwamkia mama mkwe, na ilipofika saa sita mchana tukahamishiwa chini, vijana wawili wakitubebea mizigo. Kuanzia hapo likizo ikawa likizo.

Nyumba ya chini iko hatua chache kutoka kwenye bustani, na hapo ndipo watoto walipoishi. Kuna bembea iliyofungwa kwenye mkaratusi mkubwa, kuna sungura, kuna kijito chembamba ambacho hata kitinda mimba alikanyaga maji yake bila wasiwasi. Lakini kilichowateka ni kinyonga. Mzee anayetunza bustani aliwaita taratibu, akawaonyesha tawi. Hawakuona kitu. Akawaambia, "Tazameni jani lenye jicho." Alikuwepo, kijani kama majani yenyewe, na puani ana pembe tatu, jicho moja linatutazama na jingine linamfuata nzi. Mzee akaeleza kwamba mwenye pembe hizo ni dume, jike hana, na kwamba aina hii ni ya milima hii ya Usambara. Kwetu pwani mtoto hufundishwa kumkimbia kinyonga, na mama mkwe alikaa mbali akivuta dua. Siku ya tatu, lakini, alikuja mwenyewe mpaka karibu, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ana mikono kama mtoto." Hawakumshika, yule mzee alikataza, na nilipenda alivyokataza.

Baridi msiipuuze. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani walipapenda kwa ubaridi huo, wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Mtoto wa Tanga hajui baridi ya Juni ya huko. Wa kati aliona mvuke ukimtoka mdomoni alfajiri akaja mbio kuniuliza kama tumboni kuna moto. Bebeni soksi nzito, kofia za kufunika masikio, na viatu vya mvua, maana ukungu unaacha njia ya udongo ikiteleza mpaka saa nne asubuhi. Mablanketi walitupa mawili kila kitanda, tukaomba la tatu wakaleta. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni kuanzia jioni, na saa mbili usiku yamekwisha, basi ogesheni watoto mapema. Tochi nayo ni lazima, njia za ndani ya kituo hazina taa za kutosha.

Chakula ni kizuri ila kinapikwa ukishaagiza. Agizeni saa nzima kabla watoto hawajaanza kulia njaa. Supu yao ya mboga wanangu waliimaliza, wale wale wanaonisumbua na mboga nyumbani.

Siku ya tatu tulikwenda Irente, kilomita kama tano kutoka mjini. Pale mwambani mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaona tambarare, mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepangwa mistari, na malori barabarani yakiwa madogo kuliko kiberiti. Mume wangu alimshika wa kati kiuno muda wote, mimi kitinda mimba sikumtoa kwenye mbeleko. Na nyie msiwaachie, hata kidogo. Kisha tukapita shamba la Irente, ambalo ni la kanisa la Kilutheri, tukala mkate wao mweusi kwa jibini na jamu tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Mama mkwe alisema jibini halimpendezi, akala jamu.

Tulilipa shilingi 150,000 kwa usiku, nyumba ya vyumba viwili, na chai ya asubuhi ndani yake. Kitinda mimba hakulipiwa. Kwa familia ya watu sita naiona ni bei ya haki, mkipewa nyumba ya chini.

Jana nimepiga simu kuulizia Desemba, watoto wameshaanza kunisumbua. Dada wa mapokezi akaniambia nyumba ya chini ipo. Nikamuuliza ina ngazi ngapi. Akasema nisubiri, nikasikia viatu vyake kwenye mawe, kisha akarudi akihema.

"Sita, mama. Na fito za baraza kule juu zimeongezwa."

Nikamtumia malipo ya usiku wa kwanza hapo hapo.